Wasiliana na Msimamizi Wako

Alhamisi hiyo, saa moja na nusu asubuhi, Rukmi aliwasha kompyuta yake, akabofya lile ua jekundu la programu yake ya kuchorea kama alivyolibofya kila siku kwa miaka ishirini, na badala ya programu kufunguka, skrini ikamwekea kisanduku cheupe: Programu hii imezuiwa. Wasiliana na msimamizi wako.

Msimamizi wake alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, ndani ya chumba cha vioo, akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alikuwa mumewe.

Pak Darsono alijua kwa siku kumi na moja kwamba asubuhi hii ingefika. Angeweza kumwambia wakati wanakunywa chai. Angeweza kumwambia kwenye pikipiki, maana kila siku walikuja pamoja kwenye kiwanda hiki cha saruni cha Pekalongan, yeye mbele, Rukmi nyuma, kikapu cha chakula katikati yao. Hata siku hiyo alifungua kinywa pale kwenye reli, walipokuwa wakisubiri treni ya Semarang ipite. Alichosema ni kwamba inaelekea mvua itanyesha. Rukmi akasema, "Ndiyo, Mas," yaani kaka, kama alivyozoea kumwita, "nguo nimeshaziingiza ndani," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa alimwona anakuja, tena hakuja peke yake. Nyuma yake alifuata Bu Parti, yaani Bibi Parti, wa stoo, ambaye hajawahi kupitwa na jambo lolote kiwandani, na wasichana wawili wa chumba cha kuchora.

"Pak Dar," Rukmi alisema. Mbele za watu ndivyo alivyomwita, Pak, yaani bwana, kwa heshima ya kazi. "Ua langu halifunguki. Limeniandikia niwasiliane na msimamizi wangu."

"Msimamizi wako si huyo unayempikia?" Bu Parti akadakia. "Mnyime chakula leo jioni, uone kama halitafunguka!"

Wasichana wakaangua kicheko. Rukmi naye akacheka, kwa sababu alikuwa hajajua bado, na kicheko hicho kilimchoma Darsono kuliko matusi.

"Ni utaratibu mpya," alisema akiangalia meza. "Umeanza leo, kwa wote."

"Haya. Sasa nifungulie."

"Siwezi kufungua hivi hivi. Jaza fomu, Bu."

Kicheko kikakatika. Bu Parti, ambaye mdomo wake haujui likizo, akageuka kurekebisha kilemba chake.

"Nijaze nini?" Rukmi aliuliza.

"Fomu. Iko kwa Ratri, meza ya pili."

Rukmi alimtazama kwa muda kama mtu anayesoma kibao cha barabarani asichokielewa. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, namna wanavyofanya watu kwa ofisa wasiyemjua, akaenda meza ya pili.

*

Kosa, ukilitafuta asili yake, lilikuwa la Darsono mwenyewe, na lilikuwa kosa la mtu mwenye haya.

Kompyuta za kwanza zilipofika kiwandani, yeye ndiye aliyepelekwa Semarang wiki mbili kujifunza. Enzi hizo ilikuwa raha. Watu walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, wakasema kwa sauti ya chini kama wanaingia kumwona mgonjwa. Rukmi, aliyekuwa bado msichana, alizishonea mashine vifuniko vya mabaki ya saruni ili vumbi la pamba lisiziingie, kila moja na rangi yake. Darsono alirudi kutoka Semarang na daftari limejaa. Ndani yake aliandika kwa mkono wake, akapiga mstari chini, kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zinazomtosha kazi yake tu, na mwenye ruhusa zote awe mtu mmoja.

Akajaribu. Siku ya tatu Bu Parti alikuja mlangoni akitabasamu.

"Mas Dar, eti yule mtoto wa mauzo aliyeanza kazi juzi anaweza kuweka programu kwenye mashine yake, na mimi wa miaka kumi na miwili siwezi? Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

Angefoka, Darsono angejua la kumjibu. Lakini mtu mzima anayekutabasamia huku ameumia utamwambia nini? Utamwambia yuko chini ya mtoto? Pekalongan hakuna aliyelelewa hivyo. Akampandisha Bu Parti. Hapo ikabidi ampandishe wa mapokezi, maana alimtangulia Bu Parti kuajiriwa. Akafuata mhasibu, akafuata dereva. Mwezi haujaisha watu wote arobaini na mmoja walikuwa wasimamizi wa mfumo, pamoja na mlinzi wa geti, ambaye hakuwa na kompyuta.

Na kwa miaka ishirini mambo yalikwenda. Kila mtu aliweka alichotaka: saa ya sala, mchezo wa karata, picha za wajukuu zinazocheza kwenye skrini. Mwaka huu, karani mmoja wa mauzo akaweka programu ya kuimbia, akijiandaa na sherehe ya baada ya Idi, na ndani ya wimbo wake mlikuwa na kirusi. Mafaili yakafungwa yote. Mitambo ya kufuma ilinyamaza siku tatu, na ukimya ule watu wa mtaa mzima waliusikia. Wanunuzi wa saruni walituma mkaguzi kutoka Jakarta, kijana mpole, aliyehesabu wasimamizi wa mfumo, akafika arobaini na mmoja, akaomba radhi, akahesabu tena.

Ndipo bosi, Pak Tirto, alipomwajiri Ratri, binti wa miaka ishirini na sita, aje amsaidie Darsono kuweka mambo sawa. Ikatengenezwa orodha ya programu zinazoruhusiwa. Programu isiyo kwenye orodha ingezuiwa, labda apatikane mkuu wa kitengo aweke sahihi kama mwenye dhamana wake. Na mwenye dhamana hawezi kuwa msimamizi wa mfumo, kwa sababu haifai mtu mmoja aiombee programu kisha aifungulie yeye mwenyewe. Kanuni nzuri. Darsono ndiye aliyeitafsiri kutoka kwenye makaratasi ya mkaguzi.

Programu ya ua jekundu haikuwa na mtu. Iliandikwa na rafiki yao Prihadi, fundi wa mitambo aliyejifunza mambo hayo peke yake kwenye vitabu vya mtumba, na Prihadi alikuwa amefariki mwaka wa tisa huu. Pak Tirto alikataa kuweka jina lake kwenye kazi ya marehemu. Rukmi, pamoja na kuchora nusu ya saruni zilizovaliwa mji ule, bado aliandikwa mchoraji wa daraja la pili, hakuwa na sahihi yenye uzito. Akabaki Darsono, mkuu wa kitengo cha kompyuta. Lakini Darsono akisaini, aache usimamizi.

Fomu aliiweka kwenye droo. Aliipindua uso chini, kama vile hilo lingesaidia.

*

Jioni ile Rukmi aliandaa megono ya fenesi na nazi, tempe ya soya ya kukaanga na chai ya majani yenye sukari, kila kitu mahali pake. Kisha akasimama kando ya meza, mikono imekunjwa mbele.

"Karibu chakula, Bapak."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na alimwita Mas siku zote, hata walipogombana. Bapak, ambalo ndilo Pak kwa kirefu, ni neno la mgeni, la diwani akija kukagua mitaro.

"Rukmi, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini, Bapak? Chumvi imezidi?"

"Kaa tule."

Akakaa upande wa pili, si ubavuni pake alipozoea. Alikula kidogo, kwa utaratibu. Mvua iliyotabiriwa asubuhi ilikuwa haijanyesha, na nje mtu aliita watoto waingie maana adhana ya magharibi inakaribia.

"Nilikwenda kwa Ratri kuchukua hiyo fomu," Rukmi alisema mwishowe. "Yule binti ana adabu. Alinipa kiti, akaniletea maji. Akaniambia, Bu, fomu hii si ya kujaza wewe, ni ya mkuu wa kitengo, na Bapak anayo tangu wiki iliyopita. Alidhani nimeshaiona. Aliona haya kwa niaba yako."

Darsono alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nikisaini, Ruk, si msimamizi tena. Ndivyo kanuni ilivyo. Nitakuwa kama mtu yeyote."

"Kama mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kuna posho ya usimamizi, laki saba na nusu kwa mwezi. Chumba cha Tias kule chuoni Yogya tutakilipa kwa hela gani?"

"Usimwingize mwanangu kwenye woga wako," Rukmi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Ungesema hela haitoshi, ningekaanga rempeyek za karanga nikauza sokoni. Nimeshakaanga mwaka ule ulipougua, au umesahau? Mimi sikukuomba usaini. Mimi nilitaka uniambie. Ungesema hapana kwa mdomo wako, ningelia siku moja, ningekununia siku mbili, yakaisha. Wewe ukaiachia mashine initangazie mbele ya Bu Parti. Halafu ukaniambia nijaze fomu."

"Niliogopa."

"Ulinionea haya, kama ulivyomwonea haya kila mtu. Ila mimi si kila mtu."

Akaanza kukusanya sahani, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Pak Tirto amenihamishia kukunja na kufungasha. Anasema mchoraji asiye na programu ni mikono ya bure. Karibu chai, Bapak."

Darsono alibaki na chai mpaka ikapoa. Haikuwa posho, na alijua. Ukimvua Darsono usimamizi, anabaki nani? Mtu mwembamba mwenye miwani na pikipiki ya zamani. Tangu ujana, watu walikuja mlangoni kwake na shida wakaondoka wakishukuru. Ile ndiyo ilikuwa heshima yake yote.

Lakini aliyemjia kichwani alikuwa Prihadi. Pri alivyokuwa akitafuna karanga juu ya kibodi, maganda yakiingia kati ya herufi, Darsono akimgombeza. Pri alivyoandika ile programu akiwa amekaa ubavuni mwa Rukmi miezi minne mizima, akimuuliza, "Sasa hapo mkono wako ungekwenda wapi?" Rukmi anaonyesha hewani, kama ameshika kalamu ya nta ya kuchorea vitambaa, na Pri anaifundisha mashine iende huko huko. Ndiyo maana programu zilizonunuliwa baadaye kwa bei mbaya hazikuwahi kuitoa ile pembe ya saruni jinsi inavyotakiwa. Zilijua kuchora, hazikujua mkono wa Rukmi. Na miezi minne hiyo Darsono hakukosa sababu ya kuja kusimama nyuma ya kiti cha msichana yule. Leo kukagua waya, kesho kukagua waya ule ule, na lile la moyoni akirudi nalo. Pri alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho na kuendelea kutafuna.

Walikuwa watatu, na walikuwa vijana, na kila kitu kilikuwa kipya. Darsono alitamani arudishwe siku moja tu pale, hata kwa kugombezwa.

*

Ijumaa alipita idara ya kufungasha na karatasi mkononi ambazo hazikuwa na kazi. Rukmi hakusubiri Jumatatu. Alikuwa amesimama kwenye meza ndefu katikati ya wasichana, na mmoja wao, ambaye hata miaka ishirini hajafika, alikuwa akimsahihisha.

"Siyo hivyo, Bu. Pembe inatazama juu. Ukiikunja hivyo mteja hataona ua."

"Hivi?"

"Bado, Bu. Kunjua, anza upya."

Saruni yenyewe ilikuwa ya kijani, na ua lake Rukmi ndiye aliyelichora, mwaka ule Tias alipozaliwa. Darsono alilikumbuka kwa sababu alimbeba mtoto huku mama yake akimalizia jani la mwisho. Msichana hakujua hayo, wala Rukmi hakumwambia. Aliikunjua, akaanza upya.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Nitazoea."

Darsono alirudi chumbani kwake, akafungua droo, akaipindua fomu.

*

Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, aliiweka mbele ya Ratri. Sehemu ya mwenye dhamana ilikuwa na jina lake kamili na sahihi. Chini yake aliambatisha karatasi ya pili ambayo Pak Tirto alikuwa ameigongea muhuri huku akitikisa kichwa: msimamizi wa mfumo, kuanzia leo, ni Ratri peke yake.

Ratri alisoma zote mbili. Akasoma tena.

"Bapak, tusubiri mwisho wa mwezi basi. Posho yako..."

"Nitoe sasa."

"Mimi?" Aliweka mkono kifuani. "Mimi nimtoe Bapak? Fungua mwenyewe, Bapak, ujitoe. Mimi nitatazama pembeni."

"Mtu hawezi kujitoa mwenyewe. Mfumo unakataa, na ni mimi niliyeuweka hivyo. Fungua orodha."

Akaifungua. Majina mawili. Jina la Darsono lilikuwa juu, kwa kuwa lilianza zamani. Kidole cha Ratri kilikaa juu ya kipanya kama kimepigwa ganzi, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Sithubutu, Bapak. Mama yangu akisikia nimemshusha mtu mzima..."

"Nisikilize, mwanangu." Alivuta kiti, akakaa upande wake. "Hicho unachokisikia tumboni nimekisikia mara arobaini. Kila mara nilikitii. Nilijiona mwema. Tazama kilichotokea: mitambo siku tatu kimya, halafu hapana yangu ya kwanza niliyoisema maishani nikamwambia mke wangu, tena kupitia kioo. Ukinionea haya mimi leo, kesho utamwonea Bu Parti. Na Bu Parti atakuja. Atakuja akitabasamu."

Ratri alicheka huku akijifuta machozi.

"Jina langu. Ndiyo. Upande wa kulia. Sasa chini kabisa, Ondoa."

"Inaniuliza kama nina uhakika."

"Basi ijibu."

Akabofya. Jina likatoka. Ndani ya chumba cha vioo skrini ya Darsono ilizimika, na ilipowaka tena ilikuwa na vitu vinne tu: barua, majedwali, kikokotoo na kalenda. Darsono alijikaza kisabuni, lakini hakuona haya kushika meza. Ratri akaifungulia programu ya ua jekundu, kwa Rukmi na kwa kompyuta ya Rukmi, akaipa ruhusa ya kuandika kwenye folda yake yenyewe na si penginepo. Kazi safi. Vile vile ilivyoandikwa kwenye daftari la Semarang.

Alikwenda mwenyewe kumwita Rukmi kule kwenye kufungasha. Alimwambia mbele ya wasichana wote, tena kwa sauti, maana alikuwa amechoka kunong'ona.

"Nimesaini. Mimi si msimamizi tena. Nilitakiwa kukwambia siku kumi na tatu zilizopita, sikukwambia, na nilikosea. Njoo ujaribu kama inafunguka."

Rukmi aliweka saruni chini. Walipita katikati ya chumba kikubwa, na Bu Parti akatokea stoo na kuwafuata bila kualikwa.

Rukmi akakaa kwenye kiti chake, akabofya ua. Mashine ikafikiri. Darsono alikuwa amesimama nyuma yake. Kisha, badala ya ukurasa mweupe wa kuchorea ambao wameuzoea, kikaja kisanduku cha kijivu cha mtindo wa zamani, ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Ratri, aliyekuwa amekuja kuhakikisha, akainama.

"Ninyi mlikuwa mkiifungua kwa ruhusa zote siku zote," alisema taratibu. "Hii aliyetengeneza programu alimwandikia mtumiaji wa kawaida. Haijawahi kupata mtu wa kumtokea."

Rukmi akasoma kwa sauti.

"Ukiona maneno haya, wewe ni mtu wa kawaida na Dar hatimaye amejifunza kusema hapana. Mpigieni makofi. Dar, najua umesimama nyuma ya kiti cha Rukmi, na najua waya hauna tatizo. Kaa chini, mwambie. Pri."

Bu Parti alianza kupiga makofi, kwa kuwa ameambiwa, kisha akasita na kujifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Darsono alivua miwani. Alilia kama wanavyolia wanaume wembamba, mabega yote, bila sauti, na hakutafuta pa kujificha.

Rukmi alinyoosha mguu, akavuta kiti cha meza ya jirani mpaka kikagusana na chake.

"Umesikia ulivyoambiwa," alisema. "Kaa."

Akakaa.

"Haya," Rukmi akasema. "Niambie."